Hivi hii theluthi mbili ya Bunge inamlinda nani hasa?

#1 Jembe Butu

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa, nikaona bora nilete hapa maana nyumbani sina shahidi. Ibara ya 98 ya Katiba yetu ya Tanzania ya 1977 inataka kura za theluthi mbili ya wabunge wote ili kubadilisha Katiba. Na mambo ya Muungano, yale ya Orodha ya Pili, yamepigwa kufuli mbili: theluthi mbili ya wabunge wa Bara, na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande unahesabiwa kivyake. Hata Waziri Mkuu humng'oi bila theluthi mbili.

Shemeji anasema huo ndio ulinzi wa wanyonge. Mimi nikachukua kalamu. Bunge lililopatikana 2020 lilikuwa na nafasi 393. Theluthi mbili yake ni 262. Maana yake watu 132 wakiamua kulala tu hotelini, wale 261 waliosema ndiyo wamefanya kazi bure. Hawahitaji hoja wala kusimama, hata kuamka hawahitaji. Sasa hapo nani ni mnyonge?

Karibuni mnirekebishe, ila bila matusi.

#2 Kandawili

Siti ya mbele nimeshakaa. Ngoja waje wenye vitabu.

#3 Mpwa wa Karani

Mleta uzi umechanganya jambo moja. Waziri Mkuu hatolewi kwa theluthi mbili. Soma Ibara ya 53A: hoja inaungwa mkono kwa maandishi na asilimia 20 ya wabunge, kisha inapita kwa kura za walio wengi. Theluthi mbili ni ya kumshitaki Rais, Ibara ya 46A. Na miswada ya kawaida haina habari na theluthi yoyote, akidi ikitimia (nusu ya wabunge wote) wanaoitikia kwa wingi wanashinda.

Kwa hiyo kufuli unazozilalamikia zimewekwa milango michache tu. Nyumba yenyewe iko wazi.

#4 Ngalawa Tatu

Jembe Butu wewe unahisabu vichwa vya upande mmoja. Sisi huku Zanzibar hatufiki hata milioni mbili. Nyinyi mnakaribia milioni sitini. Ikiwa kila jambo la Muungano litaamuliwa kwa nani kanyoosha mikono mingi, basi sisi tutakuwa tunaarifiwa tu, kama jirani anavyoarifiwa harusi ishapita. Ile kufuli ya pili ndiyo pekee inayotufanya tuulizwe. Shemeji yako kasema kweli, mpe salamu.

#5 Mkono wa Kushoto

Ngalawa Tatu, kufuli ya pili sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba mna kufuli na bado mna viti juu yake.

Sensa ya 2022: Zanzibar watu 1,889,773, majimbo 50. Bara watu 59,851,347, majimbo 214. Gawanya mwenyewe. Kwenu mbunge mmoja wa jimbo ni kwa watu kama 37,800. Kwetu ni kwa watu karibu 280,000. Kura ya mtu wa Pemba ina uzito wa kura saba na ushei za mtu wa Mbagala. Halafu huyo wa Mbagala akiuliza anaambiwa ni ulinzi wa wachache. Mbona yeye naye amebanwa kwenye daladala akienda kupiga kura na hamna anayemlinda?

#6 Mpwa wa Karani

Marekebisho kidogo kwa #5. Hizo 214 ni za 2020. Kwa uchaguzi wa 2025 majimbo ya Bara yalifika 222, jumla 272 na ya Zanzibar. Mbagala hiyo hiyo uliyoitaja ilimegwa, likapatikana jimbo la Chamazi. Ukipiga upya unapata kama 269,600 kwa jimbo. Bado ni mara saba, ule ushei tu ndio umepungua.

#7 Ngalawa Tatu

Mnapiga hisabu nzuri lakini mmeanzia pahala pabaya. Mwaka 1964 ziliungana nchi mbili. Haikuwa wilaya imejiunga na mkoa. Ukinihisabu kama wilaya, ndio utaona nimependelewa. Ukinihisabu kama nchi, basi 50 kwa 222 ni mimi niliyedhulumiwa. Chagueni kwanza mnanihisabu kama nini, halafu tuje kwenye kugawanya.

#8 Kandawili

Hapo kwenye "mnanihisabu kama nini" kuna mtu kapigwa na kitu kizito. Mkono wa Kushoto upo?

#9 Mkono wa Kushoto

Nipo. Nakunywa maji.

#10 Pwani Yangu

Hamjambo majirani. Mimi ni wa upande wa Kenya, nimepita nikaona moshi.

Hilo la uzito wa kura kwetu lipo kwenye Seneti. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 kwenye sensa ya 2019, Nairobi 4,397,073. Kila moja inachagua seneta mmoja. Hiyo ni mara thelathini, nyinyi mnalilia saba! Na sisi wa Pwani hatulalamiki, kwa sababu bila hivyo Lamu ingesahauliwa kabisa.

Lakini theluthi mbili imetuumiza kwingine. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 81, inasema chombo cha kuchaguliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja. Ili kuitekeleza Bungeni ulihitajika mswada wa kurekebisha Katiba, nao unataka theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349. Mwaka 2016 ulipata 195. Ukarudishwa wiki iliyofuata, ukapata 178. Mwaka 2019 waliofika ukumbini walikuwa 174 tu. Kila ukija unazidi kukonda. Na ukiangalia wengi hawakupinga. Hawakuja tu. Yaani theluthi mbili ya kuwaingiza wanawake imezuiwa na theluthi mbili ya kupitisha mswada. Mimi hapo ndipo nilipomwelewa Jembe Butu.

#11 Jembe Butu

Asante sana Pwani Yangu. Shemeji yuko hapa pembeni anasoma, amenyamaza. (Amesema hajanyamaza, anatafuna.)

#12 Shangazi Hesabu

Ngojeni niwape ya kwangu, si ya Bunge lakini ni ile ile.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Katiba tuliiandika miaka mingi iliyopita, kuna mtu akasema tuweke theluthi mbili ya wanachama wote ili mtu asije akaichezea. Tukapiga makofi. Sasa mwaka huu tulitaka kupandisha kiwango cha rambirambi, maana kilichopo hakinunui hata sanda na mbao.

Rejista ina majina 61. Theluthi mbili ni 40 na vipande, katibu akasema ni 41. Siku ya mkutano tulikuja 43, haijawahi kutokea. Ndiyo 39, hapana 4. Watu wakaanza vigelegele. Katibu akasema kaeni chini, haijapita.

Kwa nini? Kwenye zile 61 wamo watano waliokwisha fariki, tumewazika wenyewe kwa mikono yetu. Wamo tisa waliohama, hata simu hazipatikani. Katibu ni mtu wa taratibu, aliita majina yote. Akifika kwa marehemu anatulia kidogo, watu wanasema Mungu amrehemu, halafu anaweka kimstari cha "hayupo". Kimstari hicho ndicho kilichotuangusha. Asiyekuwepo ni sawa na aliyesema hapana.

Nikasema basi tuwatoe kwenye rejista. Kufungua katiba: mwanachama huondolewa kwa azimio la theluthi mbili ya wanachama wote.

#13 Kandawili

Marehemu watano wenye kura ya turufu. Mmejitengenezea Baraza la Usalama lenu.

#14 Mpwa wa Karani

Shangazi, pole, ila umegusa kiini kuliko sisi sote. Ugomvi hauko kwenye theluthi mbili. Uko kwenye neno "wote".

Kuna nchi zinahesabu tofauti. India kwa marekebisho ya Katiba inataka theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura, na papo hapo hao waliosema ndiyo wawe zaidi ya nusu ya wabunge wote. Kwa hiyo mtoro hageuki mpinzani, ila pia watu wachache hawawezi kujifungia usiku wakaandika Katiba upya. Kwa utaratibu huo kikundi chako kingepita: 39 kati ya 43 ni zaidi ya theluthi mbili, na 39 kati ya 61 ni zaidi ya nusu.

Mswada wa Kenya wa 2019 nao, hata wote 174 wangesema ndiyo, wasingefika nusu ya 349. Nusu ni 174 na nusu. Ungekwama kwa kura moja! Ila ule wa 195 ungepita kama waliopinga hawakuwa wengi.

#15 Mzee wa Gazeti

Vijana, mimi napingana na Mpwa hapo. Kuhesabu "wote" kuna maana yake. Anayetaka kugusa Katiba ndiye anayepaswa kuhangaika kuwaamsha watu. Ukihesabu waliohudhuria tu, basi mwenye basi la kubebea wajumbe ndiye mwenye Katiba.

Nilifuatilia Bunge Maalum la Katiba 2014 tangu siku ya kwanza, redio sikioni. Walianza na ugomvi wa kura ya siri au ya wazi, posho zinaenda, wiki zinaenda. Mwisho wakakubaliana kila mjumbe achague mwenyewe. UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje Aprili 16. Waliobaki wakaendelea. Sasa kimbembe kikawa theluthi mbili ya Zanzibar. Wajumbe wa Zanzibar walikuwa 219, zikitakiwa kura 146. Bara hakukuwa na shida. Kule Zanzibar ilikuwa ni kuhesabu mmoja mmoja kama karanga za mchumba. Kanuni zikarekebishwa ili walio nje ya nchi wapige kura huko huko waliko, wakiwemo waliokwenda Hija. Ikavuka, kwa kura za kuhesabika kwa vidole. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wakati huo, Othman Masoud, alipiga hapana kwenye baadhi ya ibara, na mwezi huo wa Oktoba akaondolewa kwenye nafasi yake.

Ninachosema: kufuli ilifanya kazi kiasi cha kuwatoa jasho. Bila hilo neno "wote" wasingemkumbuka mtu aliyeko Makka.

#16 Ngalawa Tatu

Mzee wa Gazeti, hiyo hiyo ndiyo inayonikata maini. Nimetetea kufuli tangu juu, lakini kufuli ina faida gani ikiwa funguo zote mbili ziko mfuko mmoja? Yule mjumbe wa kwetu alikuwa anasikiliza waliomchagua au mnadhimu wa chama chake? Na kulikuwa na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi mbalimbali, nao wakahisabiwa, huyu wa Bara, huyu wa Zanzibar.

Sisemi kufuli itolewe. Nasema mwenye kuishika awe wetu kweli.

#17 Mkono wa Kushoto

Sasa tunaongea lugha moja mimi na Ngalawa. Kelele zote hizi za 132 kuwazuia 261 ni za kwenye karatasi. Bunge la 2020, majimbo 264, upinzani ulipata 8. Nane! Sasa theluthi mbili hapo inamlinda nani? Chama kikiwa na 256 majimboni, kizingiti cha theluthi mbili ni kama tuta la barabarani mbele ya greda.

Shida iko kwenye mlango wa kuingilia. Kwa utaratibu wa mshindi wa jimbo kuchukua chote, ukiacha hata hayo mengine ya uchaguzi ambayo sitaki kuyafungua hapa, chama kinaweza kupata kura za kawaida tu kikatoka na viti vya ajabu. Lesotho 1998 chama kimoja kilizoa viti 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 60 ya kura. Nchi ikawaka, majeshi ya jirani yakaingia. Baadaye wakaongeza viti 40 vya uwiano, yaani vinavyogawanywa kwa kufuata kura za kila chama, kufikia uchaguzi wa 2002 bunge likawa na watu 120 na vyama vingi ndani. Hawakugusa kizingiti, waligusa namna ya kugawa viti.

Sisi uwiano tunautumia kwenye viti maalum peke yake, kwa vyama vyenye kuanzia asilimia 5 ya kura za wabunge. Tukiupeleka na kwenye viti vingine, hiyo theluthi mbili itaanza kuwa na meno.

#18 Bwana Kete

Nimesoma uzi wote. Nyote mmechukulia kama jambo lililokwisha thibitishwa kwamba kizingiti kikubwa kinalinda wachache. Wachache wepi?

Marekani kwenye Seneti yao, ili kufunga mjadala na kwenda kwenye kura siku hizi unahitaji 60 kati ya 100. Kabla ya 1975 ilikuwa theluthi mbili. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ile ya kupiga marufuku ubaguzi dhidi ya watu weusi, maseneta wa kusini waliizuia kwa kuongea siku baada ya siku, zaidi ya miezi miwili, mpaka Juni ilipopatikana kura 71 kwa 29 za kuwanyamazisha. Kanuni ya kulinda wachache ilitumika kuwanyima haki wachache. Waliolindwa ni wachache waliokuwa ndani ya ukumbi. Wachache walioko mtaani waliendelea kufukuzwa hotelini na migahawani.

Halafu ongeza ile hesabu ya Mkono wa Kushoto: California watu milioni 39 na nusu, Wyoming hawafiki laki sita, maseneta wawili wawili. Unaona vitu viwili vinavyolaliana: viti visivyolingana, na juu yake kizingiti.

Poland ya zamani ndiyo walimaliza mchezo. Mbunge mmoja tu akisema "sikubali" kikao chote kinavunjika. Walikuwa wanajisifu ni uhuru wa dhahabu. Majirani wakawa wananunua huyo mmoja. Kufikia 1795 nchi haikuwepo kwenye ramani.

#19 Mzee wa Gazeti

Bwana Kete, Poland ilikuwa na maradhi mengi, usimtwike msiba wote huyo mtu mmoja. Ila la 1964 nimelikubali.

#20 Pwani Yangu

Nirudi kidogo. Kuna kitu kinanikera kwetu. Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais, Rigathi Gachagua. Kizingiti kile kile, 233. Zilipatikana 281. Watu walijaa ukumbini mpaka milangoni. Seneti nayo ikamaliza kazi siku chache baadaye. Kwa hiyo theluthi mbili inapatikana, wakiitaka. Msiniambie neno "wote" ndilo lililowakwamisha wanawake. Waliokwamisha wana majina na mishahara.

#21 Mpwa wa Karani

Haki itendeke: hilo la 2024 ni bunge jingine, si lile la 2016 wala 2019. Huwezi kulinganisha watu ambao...

#22 Pwani Yangu

Mpwa, mabunge tofauti, tabia moja. Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa sababu hiyo hiyo, Septemba 2020. Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri, tukaenda uchaguzi wa 2022 vile vile. Ungekuwa umevunjiwa ahadi tangu 2010 ungelinganisha tu.

#23 Kandawili

Swali la kizushi. Seneti ya Kenya wapiga kura ni 67. Theluthi mbili ni 44 na theluthi mbili ya mtu. Huyo mtu anakatwa wapi?

#24 Mpwa wa Karani

Hakatwi, anapandishwa juu. Inakuwa 45. "Isiyopungua theluthi mbili" haiwezi kutimia kwa 44. Ndiyo maana katibu wa Shangazi alisema 41, alikuwa sahihi.

#25 Jembe Butu

Jamani nimejifunza mengi ila nimetoka na maswali zaidi ya niliyokuja nayo. Nilianza nikiwa nataka kizingiti kishushwe. Ngalawa akanirudisha nyuma, Pwani Yangu akanisukuma mbele, Mkono wa Kushoto ananiambia hata sijasimama kwenye mlango wenyewe. Shemeji naye sasa anadai yeye alisema tangu mwanzo kwamba tatizo ni viti. Hakusema. Mungu anamwona.

Shangazi Hesabu, kikundi kimeishia wapi?

#26 Shangazi Hesabu

Mkutano mwingine ni Jumamosi. Tunahitaji kura mbili tu juu ya zile 39. Mtu mmoja aliwaza tulete vyeti vya vifo, katibu akasema vizuri, ila katiba haijasema popote kwamba kifo kinamtoa mtu kwenye uanachama. Ni kikundi cha kuzikana, hatukufikiria hilo. Nikamuuliza marehemu anadaiwa ada? Akasema kwa mujibu wa rejista, anadaiwa.

Ila wale tisa waliohama, mmoja tumempata. Binamu yake alikuwa na namba. Nimeongea naye mwenyewe jana usiku, anakumbuka kikundi, anatusalimia wote. Akasema tukimtumia nauli atakuja, lakini tujue kabisa kwamba atapiga hapana, kwake kiwango cha zamani kinatosha.

#27 Kandawili

Si abaki huko huko? Akibaki ni hapana, akija ni hapana, nauli ya nini?

#28 Shangazi Hesabu

Ndivyo nilivyosema na mimi. Mwenyekiti ameagiza atumiwe. Nimetoka kumtumia sasa hivi, na ya kutolea.